Mama mkwe amenisugulia sufuria ya shaba

Wapendwa, mama mkwe amenitendea wema na sasa sijui nitaficha uso wapi.

Mnakumbuka ile sufuria ya shaba nilinunua Makutano ikiwa kwa ofa? Muuzaji alinikanya nisiwahi kusugua ndani na stilwaya. Ile nyeupe ya ndani ni bati. Ikitoka, shaba inaingia kwa chakula, hasa ukipika nyanya.

Leo mama mkwe amefika kutoka Ishiara. Na mnajua mama zetu, sufuria isipong'aa wanaona aibu kwa niaba yako.

Nilitoka kununua mkate tu.

Kurudi, nakuta ameisugua na jivu na stilwaya mpaka ndani kumekuwa kwekundu kama nje. Mchuzi wa kuku na nyanya unachemka humo humo.

"Mama Makena, hiyo uchafu ilikuwa imeshika sana," akaniambia, amefurahi kweli.

Sebuleni wamejaa wamama wa kanisa waliokuja kumsalimia, wanangoja chakula. Ningesema nini mbele yao? Eti mama mkwe amewapikia sumu?

Nikabeba sufuria, nikajikwaa makusudi. Mchuzi wote ukamwagika chini.

Nikaanza kulia, na hapo sikuwa naigiza.

Mama akanishika bega. "Nyamaza, mwanangu. Kuku nilileta wawili. Na sufuria yako haijapata hata alama."

Naandika hii nikiwa nyuma ya nyumba. Kwa dirisha namwona anakata nyanya zingine.

Sufuria ni ile ile. Mtu aniambie kitu.