Mkaja Wangu Nimetaka Foko Yenye Shokapu, Wameniletea Foko Ngumu

Assalam aleikum ndugu wa ukurasa huu. Admini, jina langu libaki kwako, maana huku Kilwa tunajuana mpaka kwa kikohozi. Nina miaka hamsini na moja, darasa la saba nimemaliza na mwandiko wangu ulisifiwa. Ni mjane, nalima korosho na mihogo, na nina binti mmoja ambaye nikimsema hapa mtadhani naongeza chumvi. Siongezi.

Binti yangu ana miaka ishirini na nne. Anafuga kuku wa mayai, na mayai anayapeleka mwenyewe Nangurukuru kwa wakaanga chipsi, kwa baiskeli. Si hizi baiskeli za kina baba za kubebea kuni. Ni ile ya gia, ya mtumba, matairi ya vipele, foko yake ya mbele, ule uma unaoshika tairi, ina shokapu mbili kama pikipiki. Kapu la mayai analifunga mbele kwenye usukani, na njia yetu ni mawe na mizizi mpaka ukutane na lami. Anafika yai halina hata ufa. Wanaume wa hapa kijijini wanabeba kwa pikipiki, wanafika na uji.

Basi ile foko imezeeka. Shokapu moja imeganda, nyingine inavuja mafuta, akiingia shimoni inagonga ko, na mayai yameanza kupasuka. Tukaenda wote dukani kutafuta nyingine. Muuzaji akatoa moja inang'aa kama sinia la harusi. Mwanangu akaigeuza akasema, "Kaka, hii ni ya breki za sahani. Breki zangu zinabana ringi, hapa nitazifunga wapi?"

"Dada, si utakuwa unakwenda taratibu."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye gunia. Ya pili ilikuwa ya ringi kubwa, ndefu, ingeinua baiskeli pua juu kama mbuzi anayeparamia ukuta. Ya tatu ndiyo yenyewe: ya ringi ishirini na sita, shingo yake inaingia kwenye fremu yetu ya zamani, pa kufungia breki papo, na ukiibonyeza inashuka na kurudi kwa adabu. Tukamwomba atuwekee.

Kuinunua ningeweza, korosho hazijanitupa. Lakini siku zilezile posa ikaja. Mchumba ni mmoja wa hao wakaanga chipsi, kijana mpole, anaswali, sina neno naye. Alimpenda mwanangu akishuka kwenye baiskeli hiyohiyo. Ila mama yake alishatamka mbele za watu kwamba mwanawe anaoa mke, haoi tarishi. Nikalisikia, nikaliweka moyoni. Mshenga alipokuja kuuliza mkaja wangu, ile haki ya mama aliyebeba tumbo, nikamwambia nataka foko yenye shokapu, nikamtajia duka, nikamwambia imeshawekwa pembeni.

Mshenga ni mzee wa heshima. Akavua kofia akajikuna. "Mama, mkaja tangu tupate akili ni kanga. Foko mimi nitaifunga na nini?"

"Ifunge na hizo kanga, mzee wangu. Kanga nazo nitapokea."

Msinione kichaa. Foko nikinunua mimi, harusi ikipoa tu ataambiwa dude la kwenu lirudishe kwenu. Ikitoka mikononi mwao, kwenye posa, wazee wamekaa wanaona, nani atamwambia shuka?

Juzi wameleta. Kanga nzuri, siwezi kusema uongo, na ndani yake foko. Nikaishika, nikaibonyeza. Haikushuka. Foko ngumu, chuma kitupu, ya baiskeli za mkaa. Nikamuuliza mshenga kama duka walilipotea. Akatazama chini.

"Hawakulipotea. Mama wa kijana kasema foko ni foko, na binti akishaolewa hatakuwa na safari za kutaka shokapu. Mayai atakaanga, hatabeba."

Nikazikunja zile kanga vizuri, nikamrudishia pamoja na foko yake. Nikamwambia, "Wewe mzee wangu hujakosa kitu. Mpe salamu mama mwenzangu, hiyo ngumu aifunge kwenye meza ya chipsi ya mwanawe, itafaa kuwa mguu."

Tangu hapo sina raha. Wifi yangu, dada wa marehemu, ananiambia namfungia mtoto riziki kwa ajili ya chuma. Mchumba mwenyewe kanipigia simu. "Shikamoo mama. Mimi na baiskeli sina tatizo."

"Marahaba mwanangu. Na mama yako umemwambia hivyo?"

Nikawa nasikia mafuta ya chipsi tu yakichemka.

Kinachoniuma ni binti yangu, maana anampenda. Kaniambia, "Mama, pokea hiyo ngumu yaishe. Yenye shokapu nitanunua mwenyewe nikishaolewa."

"Na ruhusa ya kuipanda utainunua duka gani?"

Akainuka akaenda kwa kuku wake, na mpaka leo tunaongea ya chumvi na maji tu.

Mshenga anarudi Ijumaa baada ya swala kuchukua neno la mwisho. Nikikaza, posa inavunjika, na machozi ya mwanangu yatakuwa juu yangu. Nikilegeza, wanamchukua na kazi yake wanaizima, na mimi ndiye nitakayekuwa nimepokea kwa mikono miwili. Nishaurini wazazi wenzangu, na ninyi mabinti mlioolewa mkaachishwa kazi zenu semeni msione haya: Ijumaa nimjibu nini yule mzee? Wa kunitukana atukane, nitasoma yote, miwani ninayo. Ila foko ngumu siipokei.