Jumla Aliyoikataa Riziki

Vizibo vya chupa vikitikiswa ndani ya kopo vina sauti yao, na vina harufu yao pia: kutu kidogo, bia iliyochacha kidogo. Kila asubuhi ninavimwaga mezani katika darasa langu hapa Uvira ili watoto wajifunze kujumlisha, na kila asubuhi, kabla hata sijasema neno, ninamwona Riziki. Niwasimulie habari yake, maana nimeibeba peke yangu muda mrefu na imenichosha.

Riziki alikuwa binti wa mama mdogo, aliyeolewa juu milimani, Bijombo, kwa wafugaji. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye sita. Alishuka kwetu Songo, mtaa wa hapa Uvira, mwezi mmoja kabla ya masomo kuanza, amevaa sweta nene ambalo hakukubali kulivua hata jua la ziwani lilipotuchoma sote. Shule ya karibu na kwetu haikuwa na nafasi nyingi. Mtoto alipokelewa mwaka wa kwanza akijibu vizuri maswali mawili matatu ya kujumlisha mbele ya mwalimu. Asiyejibu alirudishwa nyumbani. Huko kwao shule ilikuwa mbali mno kwa miguu ya mtoto, kwa hiyo nafasi yake ilikuwa hiyo moja.

Mama aliniita jikoni, huku akigeuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye mafuta.

"Weye unajua mahesabu," akasema. "Fundisha mudogo wako. Akishindwa, ni weye umeshindwa."

Maneno yale yalinivimbisha kichwa. Nilitafuta rula, nikajifunga kitenge cha mama kiunoni nifanane na Madame wetu wa shuleni, nikafungua shule yangu nyuma ya nyumba: mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, na kuku waliopitapita kama wakaguzi.

Nilianza na vizibo. Vitatu huku, viwili kule, viunganishe, hesabu. Siku ya kwanza alihesabu vyote kuanzia kimoja. Siku ya tatu hakufanya hivyo tena. Alivitazama vile vitatu, akatikisa kichwa kidogo kama anayesalimia watu anaowafahamu, kisha akaendelea mbele: "Ine... tano." Hakurudi kwenye moja. Leo ninajua kwamba hatua hiyo watoto wengine huitafuta mwaka mzima. Siku ile nilimkemea kwa kuruka.

Nilikuwa nimemsikia Madame akisema kwamba mtoto hufundishwa kwa vitu anavyovijua. Basi nikaweka vizibo pembeni.

"Kwenu muko na ngombe tatu," nikamwambia. "Zinazala zingine mbili. Zote ni ngapi?"

Riziki akanyamaza. Nikajaribu ndugu zake: kaka watatu, dada wawili, wote ngapi? Akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Yaya, tuhesabu tu vizibo," akasema polepole, akiniita yaya kama kwetu mdogo anavyomwita dada mkubwa.

Nilidhani ananidharau. Nilimpiga vidole kwa rula, nikarudia swali, nikampiga tena. Hakulia, na hilo likanikasirisha zaidi. Siku nne tuliendelea hivyo. Mama alipopita na beseni lake alisema tu kwamba mutoto wa mulima iko na haya, atazoea.

Mwalimu aliyepokea watoto alikuwa baba mmoja mpole mwenye miwani. Kabla hajafungua mdomo, nilijisogeza mbele.

"Mwalimu, huyu anatoka Bijombo. Mumuulize na ngombe."

Nilitaka kumsaidia, na pia nilitaka mwalimu aone kwamba najua kufundisha. Akatabasamu, akainama.

"Vizuri. Baba yako iko na ngombe tatu, anapata zingine mbili. Ngapi?"

Kimya.

"Basi, nyumbani muko watoto ngapi?"

Kimya. Riziki akanigeukia. Mfukoni mwa sketi nilikuwa na vizibo vitano, nikavigusa kwa vidole. Ningevimwaga pale mezani, angejibu kabla mwalimu hajavuta pumzi. Sikuvitoa. Nilikuwa na hasira ya siku nne, na nilitaka watu wazima waone kwamba mkaidi ni yeye, si mimi niliyeshindwa.

"Hajaiva bado," mwalimu akasema. "Mumurudishe mwaka kesho."

Juma lile alipanda mlima pamoja na watu wa kwao waliokuwa wameleta maziwa sokoni. Mwaka uliofuata hakushuka, wala mwaka mwingine.

Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja na soksi nyeupe. Miaka miwili iliyopita, siku za kuandikisha watoto, mwanamke alisimama mbele ya meza yangu akiwa amemshika mkono msichana mdogo aliyevaa soksi hizo. Nilimtambua Riziki kabla hajataja jina. Tulikumbatiana, tukacheka, tukaulizana habari za wazee. Kisha nikarudi kwenye karatasi, maana foleni ilikuwa ndefu.

"Uko na watoto ngapi?"

"Wako, yaya. Mungu anawalinda."

Nikarudia swali, naye akarudia jibu. Hapo kalamu yangu ikasimama.

Alinieleza kwa utulivu. Kwao watoto na ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti. Anayewataja kwa idadi anakiita kifo kije kupunguza. Baba yake alitazama zizi tu jioni akajua nani hayupo. Na muda mfupi kabla Riziki hajashuka kwetu, mgeni mmoja aliwahesabu wao ndugu kwa kidole, huku akicheka. Hazikupita wiki mbili, kitinda mimba wao akafa kwa homa.

"Minye nilijuaga ni tano," akasema. "Lakini ningesema namna gani? Nani tena angekufa?"

Tulipofika mahali pa kutia sahihi, hakuchukua kalamu. Alinyoosha kidole gumba. Nilikishika mwenyewe, nikakipaka wino, nikakibonyeza kwenye karatasi, na macho yangu hayakuona vizuri.

"Juu ya nini haukuniambia?" nikamuuliza.

"Haukuniuliza, yaya. Ulinipiga."

Alisema bila hasira, kisha akauliza pa kunawia mkono. Utotoni niliamini kwamba mtoto asiyejibu hajui. Sasa ninajua kwamba siku ile tulinyamaza wawili mbele ya mwalimu. Riziki alinyamaza ili ndugu zake waishi. Mimi, niliyejua kwamba anaweza, nilinyamaza ili nisionekane nimeshindwa.