Shati la Mzee wa Kamba

Wiki iliyopita nilienda mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, kutafuta beringi ya mashine yangu ya kukamua miwa, nikapotea. Nimezaliwa pale, nimeng'oka meno ya utoto pale, halafu nazubaa barabarani kama mgeni aliyeshuka leo. Nikamuuliza kijana mmoja wa duka la spea, zile kota za zamani zilikuwa upande gani. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, hapo uliposimama ndiyo zenyewe." Basi la mwendokasi likapita mbele yangu, na mimi nimesimama jikoni kwa mama yangu.

Pembeni kulikuwa na vijana wa maji machafu wamefungua chemba. Wana gari la tangi, bomba nene kama mwili wa chatu, mashine inavuta yenyewe na hakuna anayeingia. Harufu ikapanda. Watu wakaziba pua na kukaza mwendo kuelekea Kariakoo. Mimi nikavuta pumzi. Utanicheka, lakini harufu ile ndiyo iliyonilea, kwa sababu baba yangu alikuwa mzibuaji wa chemba.

Enzi zile hakukuwa na bomba la kuvuta. Mtu alishuka mwenyewe, na ndoo na beleshi fupi. Kota yetu ilikuwa na genge zima la wazibuaji, wamepangana mlango kwa mlango. Alasiri wanarudi kwa pamoja, husikii mazungumzo, unasikia mabuti ya mvua yanavyopiga kwacha kwacha kwenye lami. Mama alikuwa ameshatenga pipa la maji uani, majani ya mwarobaini yanachemka ndani yake, na hakuna mwanamume aliyevuka kizingiti kabla hajaoga pale nje, nyuma ya kanga zilizotundikwa kwenye kamba. Kazi yangu mimi ilikuwa mabuti. Nilisugua kwa jivu na kumbi la nazi mpaka kucha zangu zikawa nyeusi. Shuleni wakaniita Binti Chemba, na mimi nikalipokea jina, maana kwenye hesabu sikuwa na sifa yoyote ya kujivunia. Shule yenyewe niliiacha katikati, tukaachana kwa amani, hakuna aliyemdai mwenzake.

Halafu kilikuja chakula. Dagaa wa kukaanga na pilipili mbichi, ugali, mchicha wa nazi. Mama na mke wa jirani walipika kwenye jiko moja la mkaa, maana mwezi ukifika katikati mkaa ulikuwa wa mmoja na sufuria ya mwingine. Mume wa huyo mke wa jirani ndiye ninayetaka kukwambia habari zake. Sisi watoto tulimwita Mzee wa Kamba.

Kazi ya chemba ina jambo moja la kutisha, nalo ni hewa. Hewa mbaya haina sauti, na mara nyingine hata harufu haina. Mtu anaendelea kuchota tope, ghafla magoti yanalegea. Kwa hiyo anayeshuka hufungwa kamba chini ya makwapa, na juu anabaki mtu wa kuishika. Huyu wa juu hana kazi nyingine. Hachoti, havuti sigara, hasalimiani na wapita njia. Kila baada ya muda anainama na kuuliza, "Upo?" Wa chini anajibu, "Nipo." Asipojibu, anavutwa. Hakuna kuuliza mara ya pili.

Mzee wa Kamba aliishika kamba hiyo tangu baba hajaoa. Siku moja, mimi bado mchanga, baba hakujibu. Mzee alimvuta peke yake, mikono ikachunika, akamtoa baba rangi imembadilika kama jivu. Ndiyo maana nyumbani kwetu, nyama ikipikwa, kipande cha kwanza kilivuka ukuta kwenda kwa jirani. Hatukuelezwa kwa nini. Tulilelewa tukijua hivyo tu.

Sasa ukafika mwaka mmoja, masika yanakaribia, kazi imechachamaa huko sokoni Kariakoo maana kila mtaro umejaa mifuko. Baba akaanza kurudi na makwapa mekundu. Mama anamkanda kwa maji ya chumvi, baba anacheka. "Leo nimevutwa kama ndoo ya kisima. Najibu nipo, navutwa. Najibu tena, navutwa. Mzee anazeeka, ameingiwa na woga." Genge zima lilitania hivyo. Mpaka wakamwambia, "Mzee, ukitaka kuvua samaki si uende Feri kwa wavuvi." Naye anacheka pamoja nao.

Wakati huohuo mimi nilikuwa na kesi yangu. Mzee alinishtaki kwa mama kwamba simsalimii. Na mimi nilikuwa nasalimia, nakuapia. Napita nyuma ya baraza lake, nasema shikamoo, kimya. Mama akanifinya sikio, akasema kesho nataka nisikie mwenyewe. Basi kesho yake nikajipanga. Mama yuko uani anapepeta mchele na mke wa jirani, nikasimama karibu na mgongo wa Mzee, nikajaza kifua, nikatoa shikamoo ya kuita meli. Fundi baiskeli ng'ambo ya barabara akaitikia marahaba. Muuza kashata akaitikia. Akina mama wa kota ya tatu wakaitikia kutoka ndani. Mzee akageuka taratibu, uso umejaa upole.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Sasa mbona unanisalimia kwa kunong'ona?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipotazama uani, mama hakuwa anacheka. Ungo ulikuwa umesimama hewani mikononi mwake. Alikuwa ameunganisha mambo mawili ambayo mimi na genge zima tulikuwa tunayachekea mbalimbali.

Akamgeukia mwenzake. "Mwenzangu, mumeo hasikii."

Mke wa jirani aliendelea kuchagua mchele. "Unadhani sijui? Alfajiri namwamsha kwa kumshika mguu. Adhana haimfikii siku hizi."

"Na yeye ndiye anayemshikia kamba mume wangu."

"Asiposikia anavuta. Amekosea wapi?"

"Leo anavuta," mama akasema. "Lakini wanamcheka. Wamemwambia muoga. Siku akichoka kuchekwa ataanza kubahatisha. Siku hiyo nitavaa nguo nyeusi mimi, siyo wewe."

Mke wa jirani akaweka ungo wake chini. "Na mimi nikisema, watampa barua ya kupumzishwa, na kota ni ya kazi. Kazi ikiondoka tunalala wapi, dada? Niambie, nitasema sasa hivi."

Mama naye akaweka wake chini. Mchele ukabaki pale mpaka kuku wakaja, na hakuna aliyewafukuza.

Baba alipoelezwa alikasirika, kitu ambacho hakikuwa tabia yake. Akasema, "Yule mtu ndiye sababu mimi napumua, siwezi kumwendea msimamizi wa kazi nyuma ya mgongo wake." Mama akasema, "Basi nitaenda mimi kesho asubuhi." Baba akasema, "Ukienda, nitashuka chemba bila kamba kabisa." Nilikuwa nasikiliza huku nasugua buti moja, nikalisugua mpaka soli ikataka kuniomba msamaha.

Siku iliyofuata, genge lilikaa barazani baada ya kuoga kama kawaida. Kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, kashata, bao limetegwa. Mzee amekaa mbele kabisa, anatazama barabara, kikombe mkononi, anatabasamu. Mke wake akatoka ndani. Alikuwa mtu wa haya, hajawahi kusimama mbele ya wanaume wale isipokuwa kupokea vikombe. Akasimama nyuma ya mumewe, karibu kiasi cha kumgusa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, mume wangu ni kiziwi."

Kete za bao zikasimama.

"Nasema hapa mgongoni kwake, na mnaona hageuki. Ninyi mnashuka kwenye lile shimo mnajibu mtu asiyewasikia. Nimenyamaza kwa ajili ya nyumba yangu. Lakini na ninyi mna nyumba."

Mzee alikunywa kahawa. Nakumbuka aliulizia sukari ya kashata, kwamba leo imezidi. Ndipo akaona nyuso zimeganda zinaangalia juu ya kichwa chake. Akageuka, akamwona mkewe analia. Akaweka kikombe, akaingia ndani, akatoka na ile kamba. Ilikuwa inalala nyumbani kwake, mkewe aliifua kila Ijumaa na kuikausha kivulini isije ikaoza. Akaiweka mapajani kwa baba.

"Nilikuwa navuta kila nikitia shaka," akasema. "Juzi nilitia shaka, nikaona haya kuvuta."

Na baba ndiye aliyekuwa chini siku hiyo.

Mimi nilikuwa mdogo, nilidhani sasa watamfukuza. Genge lilikaa pale mpaka Magharibi inaadhiniwa, wanazungumza kwa kunyooshea vidole, kwa kuchora mchangani, ili na yeye afuate. Kamba akapewa kijana mmoja wa genge, mwenye masikio ya popo. Mzee angesukuma toroli na kuosha vyombo vya kazi, na kazi yake nzito wengine wangegawana kimyakimya. Msimamizi alipokuja kukagua, alimkuta kijana na kamba, Mzee kando anapangusa mitalimbo. Alitazama, akatazama mawingu, akasema, "Mvua hizi zinakuja kweli. Vyombo visafishwe vizuri." Akaenda zake. Na yeye alikuwa binadamu.

Siku ya kwanza ya mpango ule mpya nilitumwa na birika la chai, kazini kwao, mtaa mmoja ndani ya Kariakoo kati ya maduka ya vitenge. Baba alikuwa chini. Kijana anaita, anajibiwa. Mzee alikuwa amekaa mbali, ukingoni mwa barabara, ameipa chemba mgongo. Mikono yake ilikuwa imejikunja kama bado imeshika kitu. Hakuweza kutazama. Mtu aliyezoea kuuliza na kujibiwa, sasa amekaa katikati ya soko, magari, mikokoteni, wauzaji wanapayuka, na kwake yote ni kimya. Hajui kama rafiki yake bado yuko hai.

Baba akatoka. Hakunawa, hakunywa chai. Alienda moja kwa moja na tope lake, akamwekea Mzee mkono begani. Mzee akafumba macho.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila anayepanda kutoka chini, kabla ya maji, anaenda kumshika bega Mzee. Ajue kwamba katoka. Mkewe alilalamika miaka yote. "Wanaume hawa wananimalizia sabuni ya mche. Mabaka yamejaa kwenye shati kama limechapwa kiwandani." Alitia buluu, alianika juani, alama za viganja hazikutoka. Lakini nilimwona siku moja, ametandaza shati lile kwenye kamba, anaweka mkono wake kwenye kiganja kimoja kimoja, anavihesabu. Vilipotimia idadi ya wanaume wa genge ndipo alipoenda kuwasha jiko.

Mzee alifikia kustaafu akiwa ndani ya kota yake. Baadaye kota zikavunjwa, sote tukasambaa, wengine Mbagala, wengine Buguruni. Kazi ikapewa mashine, na Mungu aibariki mashine, sitaki mtoto wa mtu ashuke tena kule. Lakini pipa la mwarobaini limeenda, jiko la watu wawili limeenda, na genge lile limeisha mmoja mmoja.

Mzee alipofariki, baba alikuwa na magoti mabovu, ngazi mbili zinamshinda. Akang'ang'ania kushuka kaburini kumpokea. Kaka yangu aliyekuwa huko alinisimulia kwamba walipomaliza, baba alivutwa juu na vijana, akasimama pale na udongo mikononi, akawa anageuka huku na huku kati ya watu, kama anamtafuta mtu.

Alirudi nyumbani hivyohivyo. Mama akamletea maji ya kunawa. Baba hakutoa mikono. Alikaa kwenye mkeka, viganja vimetazama juu. Mama akasimama na birika lake mpaka maji yakaanza kumdondokea miguuni.

Nilikaa mbele ya baba, nikampa mgongo. Baada ya muda nikausikia mkono wake begani kwangu, mzito, na udongo wake bado mbichi. Dera nililovaa lilikuwa jeupe, na lilikuwa la kuazima kwa wifi yangu. Mpaka leo analiulizia, na mimi mpaka leo namwambia sijalifua.