Pepopunda na Neno Nililoshindwa Kulisema

Wengi wanaotoa ushuhuda huanza na Mungu. Mimi nitaanza na muuguzi wa wodi ya wanaume, dada mmoja mnene mwenye sauti ndogo, aliyekuwa akivua viatu mlangoni kila alipokuja kunichoma sindano ili asinishtue. Yeye ndiye aliyeniomba nieleze yaliyonipata. Nilimwambia ushuhuda wangu haujakamilika, na huenda ukawavunja watu moyo. Akasema, "We sema tu, kaka. Wapo waliolala kama ulivyolala wewe." Basi nasema.

Jina langu ni Hamisi, ila mtaani kwetu Likombe, Mtwara mjini, watu wananiita Baba Mariamu. Nilizaliwa Mpapura katika familia ya Kiislamu, wakulima wa korosho na mihogo. Nilisoma madrasa kama watoto wote wa kijijini. Baba alifariki nikiwa kijana, nikabaki na mama. Miaka ya tisini nilikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, nikapata ukarani kwa wakala wa forodha, nikamwoa Edina, binti wa Mbeya. Huko huko, mimi na yeye tukabatizwa katika kanisa la Wamormoni. Mama alipopata habari hakunilaani. Alikaa mwaka mzima bila kunitumia salamu, na anayemjua mama yangu anajua kwamba hilo ni zito kuliko laana.

Sitawasema vibaya wale watu. Walikuwa wema kwetu. Niliacha chai, kahawa na sigara, nikapewa ukuhani, na Jumapili nilikuwa mmoja wa wanaobariki mkate na maji. Lakini kilichonishika hasa ni lile fundisho la familia, kwamba mume na mke na watoto wao wakiunganishwa hekaluni, kifo hakiwatenganishi. Tulisafiri hadi hekalu la Afrika Kusini, siku nyingi za basi, Mariamu wetu akiwa na miaka mitatu. Katika chumba tulichounganishwa kulikuwa na vioo viwili vinavyotazamana. Ukitazama, unajiona unajirudiarudia mpaka macho yanachoka. Mariamu alivalishwa gauni jeupe. Alinyoosha kidole kwenye kioo akasema, "Baba, akina Mariamu wako wengi." Tulicheka, ingawa mle ndani watu hunong'ona.

Mwaka uliofuata malaria ilimchukua kwa siku tatu. Kanisani walinishika mkono, wakaniambia nisilie sana kwa sababu mtoto ni wangu milele. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie kwamba mtoto wangu amekufa. Hakuna aliyeniambia. Nilifunga, nilisoma, niliuliza maswali mpaka nikaona aibu kuuliza tena. Shaka ikakua ndani yangu polepole, hadi siku moja nikiwa nimepiga magoti nikahisi kwamba ninajisemesha mwenyewe.

Tulipohamia Mtwara, nilipopata kazi bandarini, kanisa letu halikuwepo huku. Tukawa tunasali sebuleni, watu wawili. Baada ya miezi michache nikamwambia Edina siwezi tena. Nikaandika barua kwa wakubwa wa kanisa, nikaomba jina langu lifutwe.

Barua ile ndiyo iliyokuja kunitesa. Kwa imani ile, anayefutwa jina amejitoa pia katika ule muungano wa hekaluni. Edina hakugombana nami. Aliuliza tu, "Na Mariamu umemfuta?" Nikamwambia asiseme hivyo. Jumapili iliyofuata aliweka mkate na kikombe cha maji mezani, akaimba peke yake, kisha akaviondoa bila kuvigusa. Kwa imani yake mwanamke habariki, na mwenye ukuhani pekee aliyemjua Mtwara nzima alikuwa mimi, niliyekaa barazani nakunywa chai. Alifanya hivyo kila Jumapili. Sikuwahi kumwambia aache.

Sasa nieleze ugonjwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati wa palizi. Nilikwenda Mpapura kumsaidia mama kufyeka chini ya mikorosho. Katika majani nikakanyaga ubao wa kichanja cha zamani, kile cha kuanikia korosho, na msumari wenye kutu ukapita kandambili ukaingia kisiginoni. Damu ilitoka kidogo sana.

Watu wa huku tuna dawa yetu ya miguu. Ni mafuta ya ganda la korosho. Visigino vikipasuka tunapaka, yanaunguza kama moto, halafu ngozi inakauka na kujiziba. Nikakamulia mafuta yale ndani ya tundu. Mama akasema, "Baba, hilo tundu limekwenda ndani. Nenda zahanati." Nikamwambia nimeshaliziba. Kufika jioni palikuwa pameshakauka, peusi, pagumu. Nilijiona fundi kweli.

Siku ya nane, asubuhi, nikiwa nimesharudi nyumbani Likombe, nilishindwa kuuma andazi. Mataya yalikuwa yamekaza. Nikadhani ni jino. Mchana nikameza uji kwa shida, na shingo ikaanza kuwa ngumu. Kesho yake uso ukajivuta wenyewe, midomo ikarudi nyuma, meno yote nje. Edina akanitazama akauliza, "Baba Mariamu, unacheka nini?" Nilikuwa sicheki. Nilijaribu kumwambia hivyo na sauti ikatoka puani.

Hospitalini, daktari alikuwa kijana wa kuongea kwa mkato. Aliuliza, "Umekanyaga kitu?" Nikaonyesha mguu. Alikipasua kisigino pale pale, yakatoka maji meusi yenye harufu mbaya. Akamwambia Edina nikiwa nasikia, "Ni pepopunda, mama. Vijidudu vyake vinapenda mahali pasipo hewa. Yeye amevifungia mlango na kuviacha ndani. Tutafanya tunachoweza. Wengine wanapona." Nililishika hilo neno, wengine, nikakaa nalo.

Waliniweka katika chumba kidogo, dirisha limezibwa kwa blanketi, kwa sababu mwanga na kelele humshtua mgonjwa wa pepopunda. Anayeingia alitakiwa avue viatu na asiseme. Kitu kidogo, kijiko kikianguka, mwili wangu wote ulikaza kwa pamoja. Mgongo ulipinda mpaka nikabaki nimegusa kitanda kwa kisogo na visigino. Nilijiuma ulimi. Pumzi ilikatika, nikawa nahesabu nione kama itarudi. Walinipitishia mpira wa kulishia puani na mwingine wa mkojo. Nilitoka jasho hadi godoro likalowa. Na muda wote huo uso wangu ulikuwa unacheka.

Watu hudhani mgonjwa wa namna hii hajitambui. Nilijitambua kila dakika. Nilisikia kila kitu, na sikuweza kufungua mdomo.

Siku ya tatu mama alifika kutoka Mpapura. Nilimsikia nyuma ya mlango, akiongea na Edina kwa sauti ya chini.

"Akitutoka, nitamchukua nikamzike kwa baba yake," mama alisema. "Sanda ninayo."

Edina akamjibu, "Mama, zile nguo zake nyeupe za hekaluni, tunazozikwa nazo, hakuzitupa. Ziko sandukuni. Mtu anatunza kitu asichokitaka kabisa?"

"Mwanangu, mimi sijui ya hekaluni. Mimi najua nilimzaa Muislamu."

"Na mimi nilifunga naye ndoa ya milele, mama."

Hawakugombana. Hilo ndilo lililoniumiza. Walikuwa wanazungumza kwa upole, kama watu wanaopanga nani atabeba nini kwenye safari. Mimi ndiye mzigo. Nilitaka kuwaambia kwamba nguo zile sikuzitupa kwa sababu Mariamu alilala juu yake ndani ya basi tukirudi, wala hakuna sababu nyingine.

Mchana ule mama aliruhusiwa kuingia. Kwetu, mtu akikaribia kufa, aliye karibu naye humtamkisha shahada ili liwe neno lake la mwisho. Mama alipiga magoti, akaweka mdomo sikioni mwangu. "Sema, baba yangu. Sema nyuma yangu." Akaanza kutamka, polepole, kama alivyonifundisha nikiwa mdogo.

Sauti yake ikanishtua. Mwili ukakaza kwa nguvu kuliko siku zote. Mgongo ukanyanyuka, kichwa kikarudi nyuma kikamwepuka, na usoni nikazidi kucheka. Muuguzi akaingia mbio, akamtoa. Niliona uso wa mama katika mwanga wa mlango. Aliamini nimemkataa, au kitu kilicho ndani yangu kimelikataa neno. Alitoka akiwa ameziba mdomo kwa ushungi.

Jioni Edina naye akaingia. Alianza kuniombea, akafika kwenye "Baba yetu wa Mbinguni", ikawa yale yale. Muuguzi akawaambia wote wawili, "Humu ndani hakuna kusali kwa sauti. Mtaniulia mgonjwa." Hakusema kwa ubaya. Lakini nilipobaki peke yangu gizani nilijiona mtu ambaye hata maombi yanamwua.

Nataka kusema ukweli kuhusu siku zile, kwa sababu wengi wakipona wanasema waliona nuru. Mimi sikuona. Nilikuwa na swali moja tu, nitamwona Mariamu au sitamwona. Nikifikiri kwa imani ya Edina, mimi mwenyewe nilimkata kwa kalamu. Nikifikiri kwa imani ya mama, mtoto yuko salama, mimi niliyeritadi ndiye ambaye sitapelekwa alipo. Na nikifikiri kwa akili yangu, Mariamu ni udongo wa makaburini Dar es Salaam na mimi naelekea kuwa udongo wa Mpapura, na kati yetu kuna barabara mbovu tu. Kila nilikogeuka nilimkosa. Wakati mwingine niliomba nife nijue moja. Kisha mwili ukikaza, nilipigania pumzi kama mnyama. Niliogopa sana. Sijawahi kuogopa hivyo, na aibu ya kuogopa haikunizuia.

Zilipita wiki tatu. Mikazo ilianza kupungua, sindano zikapunguzwa, wakaondoa blanketi dirishani. Muuguzi alikuwa akipima mdomo wangu kwa vidole. Kwanza hakikuingia hata kimoja. Siku moja kikaingia kimoja, upande. Akatabasamu, akasema, "Kaka, umefunguka." Edina alininywesha uji kwa kijiko huku machozi yanamwagika ndani ya kikombe.

Mama alikuja kesho yake. Alikaa pembeni ya kitanda, akanikanda miguu. Nikakusanya nguvu. Maneno yangu ya kwanza marefu yalikuwa haya: "Mama, siku ile sikukataa. Ilikuwa ni ugonjwa."

Akanitazama sana. Uso wake ukalegea, nikaona ameshusha kitu alichokuwa amekibeba kwa wiki tatu. Akanisogelea sikioni, kama siku ile, akasema kwa upole, "Basi sema sasa, baba."

Mdomo ulikuwa wazi. Hakuna kilichonizuia. Nililijua neno lote, tangu utotoni nalijua. Ningelisema tu kumfurahisha, lakini nilikuwa nimetoka mahali ambapo niliona mtu anabaki na vitu vichache sana, na sikuweza kumpa mama neno tupu. Nikanyamaza. Alisubiri. Kisha akaendelea kunikanda miguu. Ule ukimya aliuelewa, na safari hii hapakuwa na ugonjwa wa kuusingizia.

Edina aliniuliza mara moja tu, tumesharudi nyumbani. "Baba Mariamu, utarudi kanisani?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Ukinitangulia kufa, nitapeleka jina lako hekaluni, wenzangu wabatizwe na kuunganishwa kwa niaba yako. Utakubali au utakataa huko huko uliko." Mama naye ameniahidi kuniombea dua mpaka pumzi yake iishe. Wanawake wawili wananishika, huyu mkono huu na yule mkono ule. Nawashukuru. Pengine mmoja wao yuko sahihi. Nikilala natamani hivyo, nikiamka bado natamani.

Namshukuru yule daktari, na yule dada aliyevua viatu. Kwenu ninyi mnaosikiliza, ninayo machache. Kidonda cha msumari msikizibe kwa mafuta ya korosho wala kwa kitu kingine. Kiosheni, nendeni mkachomwe sindano, hata kama damu imetoka tone moja. Na la pili, mnachokiamini au msichokiamini, waambieni watu wenu mdomo ungali unafunguka. Msiwaachie kukisia mlangoni.

Kila asubuhi nasimama mbele ya kioo cha nyumbani kwetu na kupima mdomo kama nilivyofundishwa. Vinaingia vidole vitatu. Daktari alisema vikiingia vitatu nimepona. Kioo chetu ni kimoja, na ndani yake yumo mtu mmoja tu. Namtazama akiwa amefungua mdomo vizuri kabisa, namsubiri aseme, na mpaka leo hajasema.