Gauni Lisilomtosha Mtani

Dada yangu alipoanza kutibiwa saratani ya damu, nyumba yetu ya Nyegezi ilijaa watu wanaonong'ona. Wengine walitoka Bujora na machungwa yao, wakaketi, wakamtazama kwa huruma na kusema pole. Pole, pole, pole. Mimi zilinichosha, sembuse yeye. Huyu alikuwa mwanamke wa kubishana hata na mchungaji, na sasa hakuna aliyethubutu kumbishia.

Daktari alitueleza kwamba dawa zinaupunguzia mwili kinga, kwa hiyo asibanane na watu, chakula kiive vizuri, na mwenye mafua abaki nje. Hayo tuliyafuata. Lakini vidonda vya mdomoni vilimkatisha kula, na mama alimsogezea bakuli akisema mgonjwa haulizwi uji. Dada akageukia ukutani. Niliogopa, maana niliona njaa na ukimya vitamwahi kabla ya ugonjwa.

Jirani yetu mmoja aliuza mitumba sokoni, na kwa kabila lake alikuwa mtani wetu. Alikuja akiwa na mafua, akasimama nje ya dirisha.

"Sikuja kukuona wewe," alisema. "Nimefuata lile gauni la maua nililokuuzia. Unalikalia bure."

Mama alishika kichwa. Dada akageuka polepole.

"Kwa kiuno hicho? Utalipasua hujafika hata Buhongwa."

Kisha akatuuliza kama uji bado upo. Alitaka upoozwe kidogo, usitiwe ndimu.

Tangu hapo tukawa tunamuuliza: uji au mtori, alale au akae barazani, wageni waingie au wamsalimie dirishani. Wengine walinuna. Nami niliwaacha wanune.

Kila siku ya kliniki alivaa lile gauni, hata lilipoanza kumpwaya, na wakati wa kurudi tulipita makusudi mbele ya kibanda cha mtani.

"Bado tu?" mtani aliuliza.

"Bado," dada alijibu, akaendelea kutembea kwa maringo.

Alifariki wakati wa mvua za vuli, nyumbani, kitandani kwake. Alikuwa ameniagiza gauni lifuliwe, lipigwe pasi, nilipeleke pamoja na ujumbe wake. Baada ya matanga nikalipeleka kibandani.

"Amesema uchukue," nilimwambia mtani. "Ila halikutoshi."

Alilipokea kwa mikono miwili, akalipima kifuani, akakaa chini juu ya mitumba yake.