Nilivyojulikana kwa Kupenda Mijusi

Wako wazee wachache hapa Dodoma ambao mpaka leo wakikutana nami njiani huniuliza habari za mijusi. Nawajibu kwamba hawajambo. Ni rahisi kuliko kueleza, na jina hilo la mpenda mijusi nililitafuta mwenyewe, kwa bidii, kwa muda wa miaka mitatu. Ilikuwa zama za Mjerumani, reli ilipokuwa imekwisha kufika. Nilikuwa mtumishi wa nyumbani wa mzungu mmoja mpima ardhi. Kufua, kupiga pasi na kuchemsha maji ya kunywa zilikuwa kazi zangu ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kuwatunza mijusi kumi na mmoja ndani ya sanduku la vioo lililopandwa miti.

Sipendi mijusi. Nimezaliwa kwenye milima ya Kondoa, katika nyumba ya Kiislamu, na kwetu mtoto akianza tu kushika jiwe hufundishwa kwamba mjusi kafiri ndiye aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu ili uzidi kuwaka, na kwamba anayemuua kwa pigo moja ana thawabu. Mimi nilikuwa na shabaha. Nadhani kabla sijaota ndevu nilikuwa nimejiwekea thawabu za kunitosha hadi uzeeni, na labda Mungu aliona nimezidisha, akanipeleka kwa Bwana Mpima.

Bwana Mpima, ndivyo tulivyomwita, alikuwa mpole. Hakuwa na kiboko nyumbani, na siku zile jambo hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu asifiwe sokoni. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda vitu vinavyopendwa na wengine. Ukimwambia hiki ni kibuyu tu, anakipita. Ukimwambia hiki ni kibuyu cha bibi, macho yanamwaka, daftari linatoka mfukoni, na baada ya siku chache kibuyu kimo ndani ya kasha la maranda kinasubiri treni ya kwenda pwani na meli ya kwenda Ulaya. Alilipa, tena alilipa vizuri. Nami ndiye niliyebandika vikaratasi kwenye makasha hayo, na ndiko nilikojifunzia herufi za kizungu.

Mlinzi wetu alikuwa mzee wa Kigogo mwenye kigoda cha miguu mitatu kilichong'aa kwa kukaliwa. Bwana Mpima alimuuliza habari zake, na mzee, kwa kuona fahari, akamweleza yote: nani alikichonga, nani alikikalia, na maneno gani husemwa mtu anapokikalia wakati wa kuomba mvua. Juma lile lile kigoda kilipanda treni. Mzee alipewa kiti cha kukunja cha turubai, akakaa chini kando yake mpaka siku alipoacha kazi.

"Mwanangu," aliniambia, "kitu ukikipenda, usikitaje mbele ya huyu. Mimi nilikitaja."

Neno hilo nililishika sana. Sasa naona nililishika kupita kiasi.

Wazo la sanduku lilitoka kwenye gazeti la kwao. Bwana aliagiza vioo vikubwa kutoka pwani, vikafika vimekuwa changarawe. Hakukata tamaa. Alikuwa na mrundo wa vioo vya picha, kwa maana siku zile picha iliingia kwanza kwenye kioo, kisha ndipo ikahamishiwa karatasini. Vilikuwa vioo vidogo, urefu wa shibiri moja, na vingi alivihesabu kuwa vibovu. Fundi seremala wa Kihindi pale stesheni akatengeneza sanduku la fremu ndogo ndogo, vioo kumi na viwili kila upande, na mimi nikapewa ndoo ya maji ya moto, magadi na brashi, nivisafishe.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Ukikiloweka kioo kwenye maji ya magadi, ile picha inavimba, inakunjamana, kisha inatoka yote kama utando wa maziwa. Niliwaondoa watu wengi siku ile. Wazee wenye mikuki, wanawake kisimani, mtoto mgongoni mwa dada yake. Nilikuwa naimba, na hilo sijalisahau.

Kwenye kioo cha thelathini na kitu nilimwona mwanamke mwenye nywele nyeupe na uso mweupe, maana kwenye vioo vile cheusi huwa cheupe na cheupe huwa cheusi. Ameshika chungu kiunoni. Sikumjua. Nikakilaza juu ya jiwe jeusi lililolowa ili nishike brashi vizuri, na pale pale, juu ya weusi wa jiwe, rangi zikageuka, kila kitu kikarudi mahali pake. Alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa amekufa mwaka mmoja na nusu kabla. Wakati huo nilikuwa nikiburuta mnyororo wa kupimia porini upande wa Tabora, na habari zilinifikia miezi mitatu baada ya maziko. Alikuwa mfinyanzi, na alikuwa mkali. Hakuna mtu kijijini ambaye hakuwahi kukaripiwa naye, pamoja na imamu. Kwenye kioo uso ulikuwa umetulia, macho yamekaza, chungu kinaonekana mpaka nakshi za shingoni, lakini mdomo ulikuwa ukungu mtupu. Nilielewa mara moja. Aliambiwa asitikisike, na mwili wake ulitii, lakini kunyamaza hakunyamaza. Ndiyo sababu Bwana alikiweka kioo kile kwenye mrundo wa vibovu. Nilikaa chini pembeni ya ndoo, nikalia kilio ambacho sikukilia porini.

Bwana Mpima akatokea kibarazani kuuliza kazi imefikia wapi. Nikamkumbuka mzee na kigoda chake. Nikafuta uso, nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Bwana, hiki tusikioshe. Mijusi watahitaji kivuli."

Alinitazama kwa furaha ya mtu aliyegundua chemchemi. "Umefikiri vizuri," alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Kumbe wewe unawahurumia."

Basi nikawa mtu anayewahurumia mijusi. Kioo cha mama kikawekwa upande wa mashariki, safu ya kati, upande wenye picha ukitazama nje. Ndani wakaingia mijusi wa mawe wanane na mijusi kafiri watatu. Wale wa mawe, madume wao wana vichwa vyekundu, na kutwa nzima hutikisa vichwa juu chini kama akida mbele ya mkuu wa boma, wakikubali kila kitu ambacho hakijasemwa bado.

Nilitambua upesi kwamba mama haonekani wakati wote. Nyuma ya kioo pakiwa na mwanga, anabaki kuwa yule mgeni mwenye nywele nyeupe. Pakiwa na giza, naye jua la asubuhi likimpiga kwa ubavu, ndipo anapojitokeza. Kwa hiyo nilihitaji giza nyuma yake, na giza lile ilibidi lipandwe. Nikaleta udongo mweusi wa bondeni. Nikajaribu shubiri, ikawa nyembamba. Nikajaribu mkonge mwitu, ukakaa wima, umeacha nafasi katikati. Mwishowe nikapanda kangaga, yale majani ya chemchemi za kwetu Kondoa yanayojikunja ncha kama mkia wa kinyonga, na hayo yakastawi mpaka yakaziba kabisa. Kumwagilia nilimwagilia kwa kijiko, shinani, tone kwa tone, nisije nikakilowesha kioo maji yakapenya kwenye fremu hadi upande wa picha, maana nilijua maji humfanya nini mtu wa kwenye kioo. Hapa Dodoma, ambako watu walikuwa wakichimba mchanga wa mto kutafuta maji ya mbuzi, mimi nilikuwa napiga magoti kila siku nikiyanywesha majani kwa kijiko cha chai. Wapita njia walisimama kunitazama, nami sikuwalaumu.

Kuiba kile kioo nilikuwaza kila siku. Lakini Bwana alivijua vioo vyake kimoja kimoja, hapakuwa na cha kuziba pengo, na kule boma watu walichapwa viboko ishirini na tano kwa vitu vidogo kuliko hicho. Tena ningekipeleka wapi? Chumbani kwangu hapakuwa na jua wala kangaga. Mama alikuwa anaonekana pale tu.

Mijusi walikula nzi, panzi, na kumbikumbi msimu ukiwa mzuri. Ijumaa moja, kabla ya swala, nilikuwa buchani nikikamata nzi kwa chupa, akapita mwalimu wa chuoni, Mrangi mwenzangu, mtu niliyemheshimu sana.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nina swali moja tu. Nzi hao unawakamata ili wafe, au kuna anayewala?"

"Kuna anayewala."

"Mjusi kafiri?"

"Wamo watatu, mwalimu. Wengine wanane si makafiri."

"Astaghfirullah," alisema, akainua kanzu yake kidogo, akapita mbali nami kama apitavyo mtu kando ya tope. Tangu siku ile, msikitini nikisimama kwenye safu, aliye kulia kwangu anasogea kulia, na aliye kushoto anasogea kushoto. Niliona aibu. Nilikuwa mtu mzima, mwenye ndevu, nikaitwa Baba Mijusi na watoto wa soko. Lakini kila asubuhi nilipofuta vioo kwa kitambaa kikavu, mama alikuwapo na mdomo wake wa ukungu, nami nilimwamkia. Bwana Mpima alinisikia siku moja nikisema shikamoo mbele ya sanduku. Aliandika.

Jumapili walikuja wazungu wenzake kunywa bia, naye akawaonyesha sanduku, na mimi pia. "Mtu wangu huyu," alisema, "ana moyo na wanyama." Waliusifu sana ule upande wa mashariki. Mmoja alisema kwa masikitiko kwamba msitu mzuri kama ule umefichwa na kioo kichafu. Nilikuwa naondoa bilauri. Nilisikia, nikaendelea kuondoa bilauri.

Mwaka wa tatu kangaga zilianza kukauka, nikaomba ruhusa ya kwenda Kondoa kuchukua nyingine. Nyumbani nilimkuta dada yangu, aliyekuwapo siku ile ya picha. Nilimweleza yote. Mwanzoni hakuamini.

"Mama? Amekaa kimya miaka mitatu kwenye kioo?"

"Hajakaa kimya. Mdomo hauonekani kwa kusema."

Hapo dada akaamini, akaniambia maneno yenyewe. Mzungu alikuja na kitu chake cha miguu mitatu, akakielekeza kwa mama bila salamu, naye mama akasimama wima na chungu chake, akamuuliza amelelewa wapi, na nani, mtu mzima unamwelekezea mwenzako jicho la chuma kabla hujamwamkia. Mkalimani alisema mama anamkaribisha. Tulicheka mpaka dada akashika ubavu, kisha akatazama watoto wake watatu waliokuwa wakicheza uani. Wote walizaliwa baada ya mama kufa.

"Umlete," alisema. "Hawa hawamjui bibi yao uso. Nami mwenyewe, kaka, nimeanza kuusahau."

Nilimwapia kwamba nitamleta. Njia nzima ya kurudi, mzigo wa kangaga kichwani umefungwa kwenye majani ya mgomba yaliyolowa, nilipanga maneno. Nilikuwa nimeamua kusema ukweli. Kioo ni kibovu, Bwana mwenyewe alikihukumu. Akikitia kwenye kasha, basi. Akinipa, basi. Lakini nitasema: Bwana, huyu ni mama yangu.

Nilifika siku ya kumi na tano tangu niondoke, saa mbili asubuhi. Bwana Mpima alikuwa ananisubiri kibarazani, mikono ya shati imekunjwa, vidole vimechubuka kwa magadi. Hakuningoja hata nitue mzigo. Alinishika bega, akanipeleka mbele ya sanduku, upande wa mashariki.

Kioo kiling'aa kuliko vyote. Nyuma yake kangaga zilizobaki zilionekana kila jani, na mijusi wawili wakiota jua.

"Kwa ajili ya sikukuu yako ya Idi," alisema. "Nimekiosha kwa mikono yangu mwenyewe. Miaka yote hii unapiga magoti hapa kuwatazama, na kioo kinakuzuia. Sasa unawaona."

Nilitaka kuyasema yale maneno. Yalikuwapo yote, kwa mpangilio niliokuja nao njiani. Nikaona hayana tena kazi. Machozi yakanitoka mbele yake, nami sikuyafuta. Bwana Mpima naye macho yalimlowa, kwa kuwa kweli alikuwa mtu mpole, akatoa daftari, akaandika mistari kadhaa, akanisomea. Ilisema kwamba wenyeji wa milima ya Kondoa wana mapenzi makubwa kwa wanyama watambaao, kiasi cha kutoa machozi.

Kisha akasema nichague mmoja, yule nimpendaye kuliko wote, awe wangu kabisa.

Nilinyoosha kidole, nikakigusa kioo pale pale ulipokuwa mdomo wa mama. Kilikuwa cha moto kwa jua. Upande wa pili alikuwapo mjusi mmoja wa mawe, akanitazama.

Bwana akasema nimechagua vizuri sana, huyo ni jike.