Kidonda cha Mama kwenye Nailoni

Kaka yangu Rashad alikuwa mlezi wa panya, na nikisema hivyo watu hucheka. Wacheke. Kwa miaka kumi na moja alitoka kwetu Mtongwe kila asubuhi, akavuka feri, akaenda kulisha panya weupe katika maabara moja ya utafiti huko Kisauni. Madaktari wa pale walitaka kujua kwa nini kidonda cha mzee huchelewa kupona. Kwa hivyo Rashad aliwalea panya hadi wakazeeka, manyoya yakawanyonyoka. Daktari akiwapa dawa ya usingizi na kuwakata kijiduara cha ngozi mgongoni, kaka ndiye aliyebaki kupima. Aliweka kipande cha nailoni angavu juu ya kidonda, akafuata ukingo wake kwa kalamu, akaandika tarehe. Duara likipungua, kidonda kinapona. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na aliijua sawasawa.

Mwaka jana mama yetu, Bi Dhahabu, mwenye miaka sabini na sita, alichomwa na msumari kisiginoni, hapo hapo uani. Wiki tatu zikapita, kidonda kiko vile vile. Nikasema twende hospitali.

"Asmaa, usiwe na pupa," Rashad akaniambia. "Mtu mzima huchelewa kupona, hata panya wangu wazee nawaona kila siku. Nitampima mwenyewe."

Basi kila Ijumaa akitoka msikitini, alipiga magoti mbele ya kitanda cha mama, akakiosha kidonda, akakichora.

"Leo umenifanya panya wako," mama humtania.

"Panya hawana maneno mengi hivi, mama."

Na duara lilipungua, wallahi, nililiona kwa macho yangu. Rashad akawa anazibandika nailoni zake ukutani, moja kando ya nyingine, mama azione apate moyo. Mama alisema mguu unamwaka moto ndani kwa ndani. Tukamwambia avumilie, ndiyo kupona kwenyewe. Natamani kumlaumu kaka peke yake, lakini maneno hayo niliyasema mimi pia.

Siku homa ilipompanda hata asitutambue, tulimkimbiza hospitali. Daktari alichukua kijiti chembamba cha chuma, akakiingiza kwenye kile kitundu kilichobaki. Kikazama hadi kikagonga mfupa.

"Kimefunga mdomo tu," akasema. "Chini kimeoza, na sumu imeshaingia kwenye damu. Nani alikuwa akikiangalia?"

"Mimi," Rashad akajibu, kwa sauti nisiyoijua.

Nje, alikaa chini sakafuni. "Walitufundisha siku ya kwanza kazini," akaniambia. "Ngozi ya panya imelegea, hujivuta yenyewe ikaziba kidonda. Ya binadamu si hivyo, lazima uangalie kina. Niliyasikia, Asmaa. Niliyasikia kwa masikio haya."

Mama alifariki siku ya nne. Hakuniita mimi, alimwita Rashad amfunike miguu.

Baada ya khitma nilimkuta kaka chumbani kwa mama, ameishika nailoni ya mwisho. Nilikuwa nimekuja na maneno makali, nimeyapanga tangu mazikoni. Nikakaa kando yake, tukalia pamoja. Tarehe ilikuwa ya ile Ijumaa ya mwisho, na duara lilikuwa dogo kama punje ya kunde. Kwa kipimo chake, mama alikuwa amepona.